Mstari Unaotetemeka: Historia ya Michoro ya Kompyuta Inayoiga Mkono wa Msanifu Majengo

Historia ya uchoraji wa majengo kwa kompyuta kwa kawaida husimuliwa kama safari ya kuelekea usahihi. Mwaka 1963, Ivan Sutherland aliwasilisha MIT, nchini Marekani, tasnifu yake ya uzamivu kuhusu programu aliyoiita Sketchpad, iliyoendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2. Jina hilo, lenye maana ya daftari la michoro ya haraka, lina kinaya chake. Mtumiaji alichora kwa kalamu ya mwanga mistari isiyonyooka, nayo mashine ikainyoosha na kuifanya sambamba kulingana na masharti aliyoyaweka. Tangu mwanzo, basi, kompyuta ilifuta alama za mkono.

AutoCAD ilipoingia sokoni mwaka 1982, usahihi huo ulifika katika ofisi za kawaida zenye kompyuta ndogo. Faida zake zinajulikana. Tatizo lilijitokeza katika kikao cha msanifu na mteja. Mchoro wa awali wa mkono hujitambulisha wenyewe: mistari huvuka kona, hurudiwa mara mbili tatu, hufifia pale ambapo wazo halijakomaa. Mteja huelewa bila kuambiwa kwamba ukuta bado unaweza kusogezwa. Plota, kwa upande wake, huchora wazo la jana na uamuzi wa mwisho kwa wino uleule.

Mwaka 1994, Winkenbach na Salesin wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha namna kompyuta inavyoweza kuchora majengo kwa mtindo wa kalamu na wino, ikiwemo Robie House ya Frank Lloyd Wright. Swali lao, hata hivyo, lilikuwa la ufundi wa kuchora. Swali zito zaidi liliulizwa Ujerumani. Mwaka 1996, Jutta Schumann, Thomas Strothotte na wenzao wa Magdeburg walichapisha utafiti uliowashirikisha wasanifu majengo na wanafunzi wa fani hiyo. Walilinganisha mchoro wa kawaida wa plota, picha yenye vivuli na mchoro ulioiga mkono. Ule wa kuiga mkono ulionekana kufaa zaidi kwa rasimu za awali. Nyingine mbili zilipendelewa kwa uwasilishaji wa mwisho. Kwa hiyo mtetemo wa mstari ulikuwa na kazi ya kimawasiliano, na kuuita pambo ni kuupunja.

Soko lilifuata. SketchUp ilitolewa mwaka 2000 na kampuni ya @Last Software ya Colorado, na toleo lake la 6, lililotoka mwaka 2007 chini ya Google, likaleta mitindo inayoiga michirizi ya penseli. AutoCAD 2007 nayo ilikuwa na mipangilio miwili inayostahili kuangaliwa: mmoja wa kurefusha mistari ipite kona, mwingine wa kuitetemesha. Revit 2015 ikavigeuza vitendo hivyo viwili kuwa vipimo vya 0 hadi 10.

Hapo ndipo penye kasoro ambayo wasifiaji wa zana hizi huipita haraka. Mkono husita mahali mahususi, labda kwenye dirisha ambalo nafasi yake haijaamuliwa, huku ukichora kwa uthabiti nguzo ambayo mhandisi amekwisha kuikokotoa. Kipimo cha Revit hutumika kwa mwonekano mzima, na nguzo hutetemeka sawa na dirisha. Mteja huambiwa kwamba kila kitu kinajadilika, hata kile kisichojadilika; na msanifu aliyekwisha kukamilisha vipimo vyote anaweza kuuvisha mchoro wake sura ya rasimu ili mteja ajione ameshirikishwa.

Utafiti wa 1996 ulikuwa umeitaja desturi nyingine ya wasanifu: kuweka karatasi angavu juu ya mchoro uliochapishwa na kuufuatisha kwa mkono. Njia hiyo ni ya polepole, lakini anayeitumia hulazimika kuamua, mstari kwa mstari, upi aukaze na upi auache ukiyumba.