Mhimili wa Bembea ya Mtoto

Waandishi wa historia ya nchi yetu wameshughulika sana na watawala, vita na misafara ya biashara. Ni wachache waliouliza mtoto mchanga aliwekwa wapi mamaye alipokuwa akilima. Swali hilo laweza kuonekana dogo. Lakini anayetaka kuwafahamu Wakuria wa Nyanungu, huko Tarime, karibu na mpaka wa Kenya na Hifadhi ya Serengeti, hana budi kuliuliza, kwa kuwa uhai wa ukoo ulitegemea jibu lake.

Jibu la zamani lilikuwa mgongo wa mtu. Ndani ya nyumba ya msonge mliwaka moto wa mafiga, na uani walipita ng'ombe. Hapakuwa na mahali pa kumlaza mtoto na kumsahau. Mama alipokwenda kupalilia ulezi (na twafurahi kwamba lugha yetu imeipa nafaka hiyo na kazi ya kulea jina moja), mtoto alibebwa na dada yake ambaye naye alikuwa bado mdogo. Kwa Wagusii wa Kenya, ambao lugha yao ina udugu wa karibu na Kikuria, mlezi huyo huitwa omoreri. Robert LeVine, mtaalamu wa Kimarekani aliyeishi kwao kati ya 1955 na 1957, alieleza baadaye kwamba desturi ya kumbeba mtoto karibu kutwa nzima ilikuwa kinga dhidi ya hatari, moto wa jikoni ukiwa mojawapo.

Mgongo huo uliondoka nyumbani kwa sababu njema. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, makao makuu ya mkoa huo huo wa Mara, ikaazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977; kisha Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya kuandikishwa shule kuwa lazima. Msichana akaenda kushika kalamu, nasi hatuwezi kulijutia jambo hilo. Lakini mama alibaki na jembe mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, na wanaolisifu Azimio la Musoma ni nadra kumtaja.

Akina mama wengi nchini wamelitatua tatizo hilo kwa kanga au shuka iliyofungwa ncha mbili kwenye tawi au boriti, mtoto akabembea. Lugha yaijua kazi hiyo tangu zamani: kubembeleza kumetokana na kubembea, na nyimbo za kumlaza mtoto twaziita bembelezi. Wagujarati nao wana bembea ya kitambaa kutoka kwao India, ila wao huitundika kwenye mhimili wake wenyewe, wa mti au chuma, wenye miguu iliyotanuka.

Mhimili huo ni bora kuliko tawi lisilojulikana umri wake, au boriti iliyoliwa na mchwa kwa ndani. Miguu yake itanuke kupita upana wa mbembeo, isimame penye usawa, mbali na moto, na kitambaa kining'inie karibu na ardhi. Wanafunzi wa fizikia wapime jambo moja zaidi. Mtoto wa kilo 6 akitundikwa kwa kamba mbili zenye pembe ya digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, kila kamba hubeba kilo 6 kamili. Zikikazwa hadi digrii 10, kila moja huvutwa kana kwamba imetundikiwa kilo 17. Anayeikaza kamba ili mtoto asizame, ndiye anayeikaribisha kukatika.

Mhimili mzuri nao hautoshi. Kitambaa kilichopinda huweza kukisukuma kidevu cha mtoto kifuani na kuibana njia ya hewa. Mwaka 2009 huko Marekani bembea za watoto zipatazo 24,000 ziliondolewa sokoni baada ya watoto wawili kufa kwa kukosa pumzi. Basi bembea ni ya kubembelezea tu, mtu akiwapo; usingizi ukimchukua mtoto, alazwe chali kwenye godoro gumu lililo sawa, ndani ya chandarua, maana Mara ni nchi ya mbu. Jioni, shule ikiisha, dada yake huweka daftari chini na kumpandisha mgongoni.