Udongo wa Thika na Ruiru unavyofika Bahari Hindi

MKAZI wa Thika au Ruiru akiambiwa ana hisa katika samaki wa Malindi, huenda akacheka. Miji hiyo ya Kaunti ya Kiambu iko yapata kilomita 400 kutoka pwani. Hata hivyo, mito yake yote huishia Bahari Hindi, tena kwa njia mbili tofauti.

Mto Ruiru humwaga maji yake katika Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi. Mto Thika nao, baada ya kuungana na Chania, huelekea Masinga na kujiunga na Tana, unaofika baharini katika Ghuba ya Ungwana.

Tofauti hiyo ina uzito kwa wavuvi. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, pamoja na mengine manne chini yake, hunasa udongo mwingi na yamepunguza mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha delta ya Tana. Kwa miaka mingi Athi haukuwekewa kizuizi cha namna hiyo, na ndiyo maana wakati wa mvua Sabaki huingia baharini ukiwa mwekundu kama tofali.

Udongo huo huziba mwanga ambao matumbawe hutegemea. Mwaka wa 2007, wanasayansi waliochunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 walieleza kwamba dalili za mmomonyoko zilianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, wakati walowezi walipokuwa wakigeuza nyanda za juu kuwa mashamba.

Joto nalo halikusaza. Mwaka wa 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani ya Kenya yakapauka na mengi yakafa. Mwamba uliokufa huota mwani. Walao mwani huo ni samaki kama tasi na pono, ambao ndio hao hao wanaovuliwa bila kiasi.

Hatua zimechukuliwa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka wa 1968. Juya lilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na wanakijiji wa Kuruwitu wakatenga eneo lao lisilovuliwa mwaka wa 2005. Lakini askari wa hifadhi humkamata mvuvi, mto haukamatiki.

Kwa hiyo sehemu ya kazi iko huku bara, ambako ujenzi umeshika kasi. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ya 2019 ikapata 490,120. Kila kiwanja kinachofukuliwa hutoa udongo, na mvua huusomba hadi mtoni. Kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 zilikataza kulima au kujenga ukingoni mwa mto, katika eneo lenye upana sawa na wa mto wenyewe, lisilopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande.