Imani Iliyokomaa Kabla ya Saa Yake

Katika siku hizi za jubilei tumealikwa kumshukuru Mungu kwa neema alizolijalia taifa lake katika nchi hii ya Fizi, kandokando ya ziwa Tanganyika na juu milimani. Mapadri na masista wanaotutembelea hutuuliza mara nyingi habari za mauaji ya mwaka 1964. Twawajibu kwa moyo. Lakini twapenda zaidi kuwaeleza yaliyotangulia mauaji hayo, maana mtu hawi shahidi wa Kristu kwa siku moja.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya posho, tarehe 28 Novemba 1964. Kesho yake ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Askofu Danilo Catarzi na wamisionari walioshikwa naye Uvira walikuwa wamekwisha kukombolewa tarehe 7 Oktoba, bali huku kwetu waasi walikuwa bado wanatawala. Mnamo saa nane ya mchana gari la askari lilisimama mbele ya kanisa la Baraka. Bruda Vittorio Faccin, Msaveri, aliamriwa kupanda. Akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha wakristu. Alipotoka, akaamriwa naye kupanda garini. Akaona heri kufa pamoja na ndugu yake, akapiga magoti mbele ya maiti, akauawa papo hapo. Jioni wauaji wakapanda mpaka Fizi. Padri Giovanni Didonè aliwafungulia mlango, akauawa, na Abbé Albert Joubert pamoja naye.

Jina la mkuu wa wauaji hatuliandiki hapa. Si kwa woga. Ni kwamba mara nyingi mno, katika nchi yetu, dhambi ya mtu mmoja imebandikwa juu ya ukoo wake wote, hata juu ya kabila zima, na vita vikazaliwa hapo.

Tutazame sasa umri wao. Faccin alikuwa na miaka 30, Carrara 31, Didonè 34. Walikuwa vijana, na nguvu ile ya kupiga magoti mbele ya bunduki hawakuiokota njiani mchana ule. Padri Carrara alikutwa katika kazi isiyo na sifa yoyote mbele ya watu: kukaa na kusikiliza, kwa lugha ambayo si ya mama yake, dhambi zile zile ambazo wanadamu huzitubu kila juma. Sisi twaona kwamba hapo ndipo roho hukomaa, ya muungamishaji na ya mwungamaji vilevile. Mkristu anayerudi kila mara kukiri kosa lile lile hudhani hasongi mbele. Kumbe unyenyekevu wa kurudi ndio hatua yenyewe.

Habari za Abbé Joubert zahitaji maneno zaidi, kwani yeye ni mwana wa ziwa letu. Baba yake, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa 1842, alikuwa askari wa Papa kabla ya kuja Tanganyika kulinda misioni za Mapadri Weupe na watu waliozikimbilia, wakati wafanya biashara ya utumwa walipokuwa wakichoma vijiji. Alimwoa Agnès Atakaye, binti wa nchi hii. Albert alizaliwa Saint-Louis de Mrumbi mwaka 1908, akapewa upadri mwaka 1935. Baba aliwalinda wanyonge kwa bunduki, wala hatumlaumu. Wengi waliokoka kwa sababu yake. Lakini mwana, mwenye miaka 56 ya umri na 29 ya upadri, alisimama mbele ya bunduki mikono mitupu. Ukuaji wa imani katika jamaa moja waweza kuchukua vizazi viwili.

Na wakristu waliobaki? Milima ya Fizi ilikaa miaka mingi katika vita vya msituni. Mahali padri asipoweza kufika, mkatekista ndiye aliyeongoza sala ya Dominika. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya kikristu. Wazazi waliendelea kuyatamka nyumbani. Maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha kuchagua, tangu mkutano wao wa 1961, njia ya jumuiya ndogo zilizo hai, tunazoziita mashirika. Jambo hilo lilipoandikwa lilionekana kama mpango wa makaratasi. Vita vya 1996 vilipowasukuma watu wetu kuvuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, walioacha kanisa la matofali nyuma yao walijua tayari kukusanyika kusali chini ya turubai.

Baba Mtakatifu Fransisko alithibitisha ufiadini wa hao wanne mwezi wa Desemba 2023, na Kardinali Fridolin Ambongo akawatangaza Wenye Heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Umati ulikuwa mkubwa, na furaha ilikuwa ya haki. Kwa sababu hiyo, katika matayarisho ya jubilei yetu, hatukuongeza mwandamano mwingine wala ngoma nyingine. Siku ya posho itakayotangulia Misa kuu, tangu saa nane ya mchana, mapadri wageni wataketi pamoja na mapadri wetu kuungamisha, mpaka mkristu wa mwisho atakapoondoka.