Diski mbili ndani ya laptopu moja: zilitoka wapi?

Haya wasomaji, leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu tuongee kuhusu vyuma. Ukipeleka laptopu kuukuu kwa fundi pale Luthuli Avenue, Nairobi, ukamwambia siku hizi inajikokota, huenda akakupa dawa hii: ng'oa mashine ya DVD, hamishia diski ngumu yako kwenye tundu hilo, na mahali pa diski ngumu weka SSD. Dawa yenyewe inafanya kazi, nimeshaitumia kwa laptopu mbili. Lakini kwa nini ziwe diski mbili? Kwa nini usitupe ya zamani ukabaki na mpya peke yake?

Tuanzie San Jose, California. Mwaka 1956 IBM ilitoa mashine iliyoitwa 305 RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu. Diski hiyo ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, kama sinia la pilau la harusi. Ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu yako inaweza kuijaza.

Tangu hapo sahani zilipungua ukubwa na data ikabanwa zaidi na zaidi, lakini mtindo ni ule ule: sahani inazunguka, mkono unatafuta. Na hapo ndipo shida ilipo. Diski ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kwa wastani utasubiri nusu mzunguko ndipo data yako ifike chini ya mkono, na mkono wenyewe unahitaji kama milisekunde 12 kufika mahali pake. Jumla 17 hivi. Kwa hiyo diski inaweza kuokota vitu vilivyotawanyika kama 60 tu kwa sekunde. Sasa tuseme una mradi wenye faili ndogo 3,000 zilizotapakaa kote: hizo ni sekunde 50 za kungoja chuma kizunguke, na prosesa yako ya bei ghali imekaa tu ikipiga miayo. Ukiwa na SSD nzuri kila moja huchukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde.

Hiyo SSD nayo si ya jana. Mjapani Fujio Masuoka, akiwa mhandisi wa Toshiba, ndiye aliyevumbua kumbukumbu ya flashi (ndiyo, ile ile ya flashi unayoning'iniza kwenye funguo). Aliitangaza kwa wahandisi wenzake mwaka 1984. Jina lilitoka kwa mwenzake, Shoji Ariizumi: data ilifutwa kwa mkupuo mmoja, akakumbuka mwako wa taa ya kamera. Mwaka 1987 ikaja aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyomo kwenye SSD za leo. Masuoka aliondoka Toshiba mwaka 1994, akaenda kufundisha chuo kikuu. Mwaka 2004 aliishtaki kampuni hiyo akidai malipo ya uvumbuzi wake, na mwaka 2006 wakapatana kwa yeni milioni 87. Ukifikiria pesa zilizotengenezwa na flashi duniani, mimi naona alipewa nauli ya matatu.

Angalia sasa jambo hili. Mwaka 1988 kampuni ya PrairieTek ilitoa diski ngumu ya kwanza ya inchi 2.5, yenye megabaiti 20. Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, ambayo baadaye iliitwa SanDisk, iliiuzia IBM SSD yenye megabaiti 20 pia, kwa takriban dola 1,000. Kwa hiyo mbio kati ya hizi mbili zilianza zamani, na kilichoziamua ni bei. Diski ngumu ilikimbia mbele kwa sababu ilikuwa rahisi. Januari 2008 MacBook Air ilipotoka, kuweka SSD ya gigabaiti 64 badala ya diski ya 80 kulikuongezea dola 999. Baadaye mwaka huo Intel ikatoa X25-M ya gigabaiti 80 kwa dola 595, na watu wakasema hiyo ni nafuu!

Hapo ndipo ndoa ya diski mbili ilipozaliwa. SSD ndogo uliweza kujikamua ukanunua, lakini muziki, picha na filamu zako hazikuenea. DVD nayo ilikuwa inazeeka na tundu lake lilikaa bure. ThinkPad zilikuwa tayari na tundu la kubadilishia vitu, Ultrabay, na baadaye fremu za bei rahisi za kushikilia diski zikapatikana kwa karibu kila laptopu. Apple nao waliuza ndoa hiyo hiyo mwaka 2012 wakaiita Fusion Drive: gigabaiti 128 za flashi na terabaiti 1 ya diski ngumu, zikionekana kama diski moja.

Ukiamua kufanya hivi leo, pima tundu la DVD kabla ya kununua fremu. Yako ya unene wa milimita 12.7 na ya 9.5, na fremu nene haiingii kwenye tundu jembamba. SSD mimi huiweka mahali pa diski ya asili, kwa sababu kwenye laptopu nyingine njia ya data ya tundu la DVD ni ya kizazi cha nyuma, ina kasi ndogo. Upande mwingine, mahali pa asili mara nyingi pana mpira wa kukinga mtikisiko, na diski ngumu ndiyo inayouhitaji. Kama unafanya kazi ndani ya matatu kwenye barabara mbovu, fikiria mara mbili.

Mfumo endeshi na programu zikae kwenye SSD, makala na picha kwenye diski ngumu. Sababu si nafasi peke yake. Diski ngumu ikikaribia kufa mara nyingi hukohoa kwanza, utasikia ikigonga, upate muda wa kuokoa kitu. SSD hufa bila kuaga. Tena flashi hushika data kwa chaji ya umeme: kipimo cha kimataifa kinaitaka SSD ya kawaida iliyotumika hadi mwisho wa uhai wake ishike data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30, na joto likizidi muda hupungua. Wasomaji wa Mombasa wamenielewa.

Halafu kuna wale wanaodhani diski mbili ni nakala ya akiba. Hapana. Zote ziko kwenye mkoba mmoja, na mwizi haibi moja akuachie nyingine. Yangu ya tatu iko nyumbani kabatini, na hunakili kila Jumapili jioni.