Kuigeuza Nguo Rahisi: Habari Tangu Zama za Merikani



Yafaa katika taarifa hii ya mwaka tukumbushane habari ya kazi ambayo wengi huidharau: kununua nguo ya bei rahisi, kuifumua, na kuishona upya iwe vazi jingine. Wako wasemao kuwa hiyo ni kazi ya mwenye dhiki tu. Historia ya pwani yetu yatufundisha vingine.

Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za Salem, Massachusetts, zikawa zikileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nacho kikaitwa merikani. Kilichotiwa nili kiliitwa kaniki. Nguo hizo ndizo zilizovaliwa na maskini na watumwa, hata mtu akatambulikana hali yake kwa vazi lake.

Baadaye katika karne ile ya 19, wanawake wa pwani walibuni jambo. Leso, neno lililotoka kwa Wareno, zilikuwa zikiuzwa madukani katika jora, ili zikatwe moja moja. Wazee husimulia kwamba wanawake hao walinunua leso sita zilizoshikana, wakazigawa tatu kwa tatu, wakaziunga kwa sindano, zikawa vazi moja pana. Wafanyi biashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Mjini Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilipata sifa kwa leso zake.

Utumwa ulipoondolewa kwa sheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliitupa kaniki wakajifunga kanga. Basi ile kazi ya sindano haikuwa pambo tu. Ilikuwa njia ya kudai heshima.

Katika zama zetu nguo rahisi ni mitumba. Zamani watu wengine wa Afrika ya Mashariki waliziita "kafa Ulaya", wakaona haya kuzivaa. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, biashara ilipofunguliwa, zimejaa katika masoko kama Gikomba, Nairobi. Huko fundi wa cherehani huchukua shati kubwa la mwanamume akalifanya blauzi ya mwanamke au gauni la mtoto. Kwanza shati hufuliwa, lisije likaruka baada ya kukatwa. Kisha mishono hufumuliwa, wala haikatwi, ili upana usipotee. Mgongo wa shati, usio na mshono katikati, hutoa kipande kikubwa. Ukingo wa mbele huachwa na vifungo vyake, na fundi akaepukana na kazi ya kutoboa matundu mapya. Kola iliyochakaa hugeuzwa ndani nje, ikadumu tena.

Mabishano yapo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki walipatana kuziondoa nguo hizo hatua kwa hatua ili viwanda vya nyumbani vilindwe. Kenya baadaye haikuendelea na shauri hilo. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Serikali ya Kenya ilizuia marobota yasiingie tangu Machi hadi Agosti, na riziki za wachuuzi na mafundi zikatikisika. Mwenye kuvitetea viwanda ana hoja, na mwenye kumtetea fundi ana hoja.

Lakini jambo moja halina ubishi. Merikani ilikuja na merikebu ikatoweka. Robota nalo laweza kuzuiwa kwa amri ya siku moja. Ujuzi wa mkono ndio unaobaki. Kwa hiyo twawaomba wazee wenye ujuzi huo wasiwaache vijana wetu, wa kike na wa kiume, wakue bila kujua kufumua mshono na kuushona tena. Aliye na ujuzi huo hatakosa la kuvaa, wala hatakosa la kuuza.