Taa inayoiga mapambazuko

TAA inayoiga mapambazuko ni kifaa kinachowekwa kando ya kitanda ili kumwamsha mtu kwa mwanga. Takriban nusu saa kabla ya wakati uliotegwa, taa huanza kuwaka kwa wekundu hafifu, kisha mwanga huzidi polepole hadi chumba kijae nuru.

Siri yake imo machoni. Mnamo 2002, David Berson na wanasayansi wenzake nchini Marekani walithibitisha kuwa baadhi ya seli za retina huhisi mwanga na kuupasha habari ubongo unaoongoza saa ya mwili. Mwanga ukipenya kope zilizofumbwa, ubongo hupunguza melatonini, homoni ya usiku, na usingizi huwa mwepesi kabla ya kengele kulia.

Kifaa hiki hufaa hasa kaskazini mwa dunia. Jijini London, mwezi Desemba jua huchomoza mnamo saa mbili asubuhi, wengi wakiwa tayari safarini kwenda kazini. Jijini Nairobi hupambazuka kabla ya saa moja asubuhi mwaka mzima, hivyo aghalabu kufungua pazia kwatosha. Anayeweza kufaidika ni yule aamkaye saa kumi alfajiri ili kuwahi zamu.

Hata hivyo, taa haiongezi usingizi. Mtu mzima huhitaji angalau saa saba. Anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi ataamka taratibu, lakini deni la usingizi litabaki pale pale.