Wema Uliopangiwa Zamu: Askari wa Kobani na Mgeni Nchini Japani

Katika nchi nyingi msafiri mgeni akimwona askari polisi mbele yake hujipapasa mfukoni kwanza. Anahakikisha pasipoti ipo, anajiuliza kosa lake ni lipi, na kama anatoka pande zetu huanza kukadiria "chai" ya kiasi gani itatosha. Japani imejijengea sifa iliyo kinyume kabisa. Huko mgeni aliyepotea njia, aliyesahau begi kwenye treni au aliyeishiwa nauli usiku huenda polisi kwa hiari yake, na mara nyingi hutoka akiwa amesaidiwa. Sifa hiyo imesimuliwa sana, na wasimulizi wengi huishia kwenye jibu moja: Wajapani ni watu wema. Makala haya yanalipinga jibu hilo. Hoja yangu ni kwamba wema anaoupata mgeni kwa polisi wa Japani ni kazi iliyopangwa, ikapewa mahali, fomu, sheria na bajeti. Ilipangwa kwa ajili ya mwenyeji, mgeni aliikuta. Na kwa sababu hiyohiyo hukatika ghafla pale askari yuleyule anapogeukia kazi nyingine, ya kukagua vibali.

Tuanze na mahali penyewe. Tokyo ilipata jeshi lake la polisi mwaka 1874, chini ya Kawaji Toshiyoshi, ofisa aliyekuwa ametumwa Ulaya miaka miwili kabla kuchunguza jinsi polisi wa huko, hasa wa Ufaransa, walivyopangwa. Askari walianza kuwekwa kwenye njia panda wakipokezana zamu, kisha wakajengewa vituo vidogo. Hizo ndizo kobani. Leo nchi nzima ina kobani kama 6,000 mijini, na vijijini kuna vituo vya aina nyingine, chuzaisho, ambako askari huishi na familia yake papo hapo. Mwenzi wake anayepokea wageni na simu wakati askari yuko doria hulipwa posho kwa kazi hiyo. Maana ya posho hiyo ni kubwa kuliko fedha zake: serikali imekiri kwamba kumkaribisha mtu mlangoni ni kazi, haikuiacha iwe hisani ya mke wa askari.

Kobani ya kawaida ina ukubwa wa duka la mtaani. Juu ya mlango kuna taa nyekundu, ndani kuna meza inayotazama barabara na viti vichache, nje kuna baiskeli, na ukutani imebandikwa ramani ya mtaa inayoonyesha jengo moja moja. Ramani ile haikuwekwa kwa ajili ya watalii. Barabara nyingi za miji ya Japani hazina majina. Anwani hutaja mtaa, kisha kipande cha mtaa, kisha jengo, na katika mitaa mikongwe namba zilifuata usajili wa viwanja, si mpangilio wa nyumba barabarani, hata sheria ya mwaka 1962 ilipoanza kuziweka sawa. Mzaliwa wa Tokyo akienda mtaa asioujua hubabaika vilevile. Ndiyo maana kuelekeza watu njia kukawa sehemu ya kawaida ya kazi ya askari wa kobani, kama ilivyo doria. Mgeni anayeshangaa kuona askari akiinuka, akifuata mstari wa ramani kwa kidole na kumchorea njia kwenye kipande cha karatasi, anashangaa jambo ambalo wenyeji wamelizoea kwa vizazi.

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa nauli. Polisi ya Tokyo ina fungu la kumkopesha aliyepotewa na pochi fedha za kumfikisha nyumbani, kwa kawaida zisizozidi yeni 1,000. Mkopaji hujaza fomu, hupewa fedha, huenda zake, na hutarajiwa kurudisha. Kiasi ni kidogo, lakini askari haombwi kutoa mfukoni mwake wala kupima kama moyo wake umeguswa. Kuna fomu, kuna fedha, kuna utaratibu wa kuhesabu zilizotoka na zilizorudi.

Pengine ushahidi mzito zaidi uko kwenye mali iliyopotea, na hapo inafaa kukaa kidogo. Sheria ya Mali Iliyopotea, iliyoandikwa upya mwaka 2006 na kuanza kutumika Desemba 2007, humtaka aliyeokota kitu akirudishe kwa mwenyewe au akipeleke polisi. Akikipeleka ndani ya siku 7 anabaki na haki ya kudai zawadi kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani yake, na mwenyewe asipojitokeza kwa miezi 3 kitu kinaweza kuwa chake. Kadi za benki, vitambulisho na simu zenye taarifa za mtu haziingii katika haki hiyo. Askari huandika kitu kilivyo, mahali na saa kilipookotwa, na kama mwokotaji anadai haki zake au amezisamehe. Kisha humpa nakala. Kitu huingizwa katika kumbukumbu za polisi, na kisipochukuliwa hupelekwa kwenye ghala kuu, ambalo kwa Tokyo liko Iidabashi. Mwaka 2018 polisi ya jiji hilo ilipokea zaidi ya vitu milioni 4, miavuli kwa mamia ya maelfu, na fedha taslimu zaidi ya yeni bilioni 3.8, ambazo takriban robo tatu zilirudi kwa wenyewe. Mgeni anayerudishiwa kamera yake husimulia uaminifu wa aliyeiokota, na ana haki ya kufanya hivyo. Lakini mwokotaji alihitaji mlango ulio karibu, askari asiyemshuku mleta mali kuwa ndiye mwizi, na karatasi ya dakika chache. Mahali ambapo kupeleka pochi kituoni ni kujitafutia kuhojiwa nusu siku, hata mtu mwadilifu huiacha ilipo.

Mwanasheria Mark West wa Chuo Kikuu cha Michigan aliliweka suala hili vizuri mwaka 2003 alipolinganisha Japani na Marekani kuhusu mali iliyopotea. Hakukana kwamba maadili yana nafasi yake. Alionyesha kwamba sheria iliyo wazi, zawadi, adhabu na wingi wa kobani vinaeleza sehemu kubwa ya tofauti ambayo watu huisukumia kwenye utamaduni. Nakubaliana naye, na ninaongeza hoja ya historia. Singapore ilianzisha vituo vidogo vya polisi vya mitaa mwaka 1983 kwa mfano wa kobani, na polisi wa São Paulo nchini Brazili walijifunza kutoka kwa Japani kwa ajili ya vituo vyao vya jamii. Kama jambo lenyewe lingekuwa tabia ya kuzaliwa ya taifa moja, wageni hao wasingekuwa na cha kuiga. Maelezo ya utamaduni yana ubaya mwingine pia: yanatuachia sisi wengine kukata tamaa, kana kwamba askari wetu amenyimwa utu tangu tumboni.

Njia nyingine ya kumtendea mgeni wema ni kumwundia askari wake mwenyewe. Thailand ilifanya hivyo mwaka 1976 kwa kuanzisha polisi wa watalii, wanaopigiwa leo kwa namba 1155. Kenya ina kitengo cha polisi wa utalii, na Arusha ina kituo cha polisi cha utalii na diplomasia. Sidharau kazi yao. Askari anayejua lugha ya mgeni na anayeweza kumwandikia taarifa ya wizi kabla ya ndege yake kuondoka anafanya jambo la maana. Ila mpango huo huchagua mgeni kwa mfuko wake. Mtalii ana dawati lake. Mfanyabiashara mdogo aliyetoka Bukavu kuja kununua bidhaa Kigoma hana, ingawa wote wawili wamevuka mpaka na wote wawili wanaweza kuibiwa. Ubora wa kobani ni kwamba haikumuuliza mtu ni mgeni wa aina gani. Ilimhudumia kwa sababu amepita mlangoni.

Hapo ndipo sifa inapoanza kupasuka, na itakuwa dhuluma kuinyamazia. David Bayley, aliyeandika mwaka 1976 utafiti uliowafanya wasomi wa nje waitazame kobani kwa makini, aliona pia kwamba askari hao huzungukia nyumba za mtaa, huuliza nani anaishi wapi na kuweka kumbukumbu. Ujirani na upelelezi hukaa meza moja. Kwa raia hali hiyo huvumilika. Kwa mgeni ni nzito zaidi, kwa kuwa sheria ya uhamiaji humlazimu kutembea na pasipoti au kadi ya ukaazi na kuionyesha askari akiitaka. Sheria ya mwaka 1948 kuhusu utendaji wa polisi humtaka askari awe na sababu ya msingi ya kumshuku mtu kabla ya kumsimamisha, lakini wakaazi wengi wenye asili ya kigeni wamelalamika kwamba sababu huwa ni sura na rangi yao. Desemba 2021 ubalozi wa Marekani mjini Tokyo uliwatahadharisha raia wake kuhusu ukaguzi wa namna hiyo. Januari 2024 wanaume watatu wenye asili ya kigeni walifungua kesi mjini Tokyo dhidi ya serikali kwa hoja hiyohiyo.

Kisa cha Wishma Sandamali kinaonyesha ukomo huo kwa uchungu. Alikuwa Msri Lanka aliyekuja Japani mwaka 2017 kusoma. Agosti 2020 alikwenda kituo cha polisi mkoani Shizuoka akisema anamkimbia mwenzi aliyekuwa akimdhulumu. Kibali chake kilikuwa kimekwisha muda. Alikamatwa kwa kosa hilo, akapelekwa kizuizi cha uhamiaji cha Nagoya, akaugua, na tarehe 6 Machi 2021 akafa akiwa na umri wa miaka 33. Lawama za kifo chake ziliiangukia idara ya uhamiaji, na ni sawa. Lakini mtafiti wa polisi lazima arudi mwanzo wa safari ile. Mwanamke yule alifanya kile hasa ambacho kila mgeni huambiwa afanye akiwa Japani: aliingia kwa polisi kuomba msaada. Sheria ya mwaka 2001 dhidi ya ukatili wa wanandoa, ilivyorekebishwa mwaka 2004, inawataka watumishi wanaoshughulikia mwathirika waheshimu haki zake bila kujali uraia wake. Msaada wake ulikuwemo kwenye vitabu. Kazi ya pili ikaitangulia ya kwanza.

Atakayesema kwamba basi wema wa kobani ni kinyago tu, atakuwa amekosea upande wa pili. Askari aliyemchorea mtalii njia hakuigiza. Tatizo ni kwamba mtu mmoja, kwenye meza moja, amepewa majukumu mawili yasiyopatana, na sheria haikumwambia lipi lisubiri. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi unamlinda mgeni aliyekwisha kukamatwa: lazima aelezwe bila kuchelewa haki yake ya kuwasiliana na ubalozi wake. Kwa aliyekuja mwenyewe kuomba msaada, mkataba huo hauwapi polisi wajibu kama huo mpaka pingu zimfikie.

Kuna waliojaribu kuyatenganisha majukumu hayo mawili. Los Angeles, mwaka 1979, mkuu wa polisi alitoa amri ya kuwazuia askari kuanzisha hatua yoyote kwa lengo la kujua hali ya mtu ya uhamiaji. Uholanzi ina utaratibu unaomruhusu asiye na kibali kuingia kituoni, kueleza jinai aliyotendewa na kutoka bila kukamatwa kwa kukosa kibali. Wapinzani hudai kwamba huko ni kuifumbia macho sheria. Dai hilo lina uzito, kwani dola isiyofuatilia nani anaishi ndani yake haiwezi kuwalinda hata hao wageni. Lakini kuna idara nzima za uhamiaji zenye ofisi, wakaguzi na mamlaka yao; hazidhoofiki meza ya kobani ikiachwa nje ya msako. Kinachodhoofika usipoiacha ni polisi yenyewe, maana mwenye taarifa za mwizi, mbakaji au mwajiri anayewapokonya vibarua pasipoti zao mara nyingi ni huyohuyo anayeogopa kuulizwa kibali.

Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36 mwaka 2024, na mwisho wa mwaka huo wageni wanaoishi humo walipita milioni 3.7. Kundi la kwanza huondoka na sifa za kobani. La pili ndilo linaloishi mtaani, hulipa kodi, hupeleka watoto shule, na hupita mbele ya taa ile nyekundu kila jioni. Kwa kundi hili ramani na yeni 1,000 hazitoshi. Linahitaji amri ya maandishi, inayofahamika kwa askari wa zamu kama anavyofahamu fomu ya mwavuli uliookotwa, kwamba anayekuja kuomba msaada ahudumiwe kwanza kwa alilojia, na kwamba swali la kibali halitatoka kwenye meza ile.